Bei ya Rangi: Kujikana, Ushairi na Uhakiki Usiofika Baba Dogo

Utangulizi

Mtaa wa Baba Dogo, ulioko Ruaraka katika upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, una jina ambalo mwalimu wa sarufi hawezi kulipita bila ya kulitilia wino mwekundu. Nomino baba imo katika ngeli ya A-WA, na kivumishi chake, kwa mujibu wa Kiswahili sanifu, ni mdogo. Dogo ni upatanisho wa ngeli ya LI-YA, kama katika jambo dogo au jiwe dogo. Wakazi wa mtaa huo wa viwanda na nyumba za kupanga hulitaja jina hilo kila siku wanapopanda matatu na wanapojaza fomu za shule za watoto wao, na hakuna anayehisi kwamba kuna silabi iliyopotea. Panapo kosa machoni mwa mwalimu, mkazi anaona kwao.

Tofauti hiyo ya silabi moja inatosha kuanzishia kadhia kubwa zaidi. Kwa zaidi ya nusu karne, wahakiki wa ushairi wa Kiafrika wamelishughulikia suala la kujikana, yaani hali ya Mwafrika kuidharau rangi yake, lugha yake na asili yake, na kutamani kuwa mwingine. Aghalabu utambuzi wa maradhi haya umefuata njia moja. Mshairi, au mhusika aliyeumbwa naye, hulazwa kitandani, mhakiki husimama kando yake akiwa mzima wa afya, dalili husomwa, hukumu hutolewa. Methali isemayo mwacha asili ni mtumwa imetumiwa mno katika hukumu hizo, na ni nadra kuulizwa ni nani aliyeipanga asili hiyo na ni nani aliyeuweka utumwa huo.

Makala hii inaupinga utaratibu huo. Hoja yake ni kwamba kujikana, kama kunavyodhihirika katika ushairi, hakueleweki kama ugonjwa wa nafsi pekee. Kunaeleweka vyema kama bei. Rangi, lugha na nasaba hupangiwa thamani na serikali, soko na shule, na mshairi hutunga akiwa ndani ya soko hilo. Swali la kihakiki basi si kama shairi lina dalili za kujikana, kwa kuwa ni muhali kulipata lisilokuwa nazo. Swali ni kama shairi linaijua bei linayoitaja. Na hapa ndipo uhakiki wenyewe unapohusika, kwa maana uhakiki nao ni mmoja wa wapangaji wa bei, na mpaka sasa haujakubali kujihesabu hivyo.

Kuhesabu Rangi

Mbinu iliyozoeleka katika tasnifu nyingi za uzamili ni ya kuhesabu. Mtafiti hukusanya maneno ya rangi katika diwani, huyatenga meupe na meusi, kisha huangalia sifa zilizoambatanishwa na kila upande. Weupe ukiwa na heri na weusi ukiwa na shari, mshairi hutiwa hatiani. Weusi ukitukuzwa, mshairi huachiliwa huru na kuitwa mzalendo. Mbinu hii ina wepesi wake, lakini inapotumiwa kwa Kiswahili inasahau kwamba lugha hii ilikuwa na rangi zake kabla ya kukutana na nadharia ya mbari.

Mswahili anaposema mtu fulani ana moyo mweupe, hasifu ngozi ya Mzungu. Anasifu nia isiyokuwa na kinyongo. Mkulima anapolitazama wingu jeusi na kumshukuru Mungu, hatungi shairi la harakati za watu weusi, anaingoja mvua. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba neno Mzungu lenyewe halikutokana na rangi. Linahusishwa na kitenzi kuzunguka, na hivyo Waswahili walimwita mgeni huyo kwa mwenendo wake, si kwa ngozi yake. Mzungu ndiye aliyemwita mwenzake kwa rangi. Mhakiki anayeingia katika ushairi wa Kiswahili akiwa na mizani ya weupe na weusi tu anaingia na mizani ya mtu huyo huyo anayedai kumpinga.

Hii haina maana kwamba ushairi wetu umetakasika na ubaguzi wa rangi. Kudai hivyo kungekuwa ni kuukimbia ukweli. Maana yake ni kwamba ubaguzi huo hauonekani mahali ambapo mhakiki amezoea kuutafuta. Ili uonekane, yafaa kuanza na tamathali moja ambayo haikutoka katika diwani yoyote.

Rangi ya Thao

Katika mitaa ya Nairobi, mwanamke mwenye ngozi ya maji ya kunde husifiwa kwa kuambiwa kwamba ana rangi ya thao. Thao ni shilingi elfu moja. Noti ya shilingi elfu moja ilianza kutolewa nchini Kenya mwaka 1994, na rangi yake ni ya kahawia. Mwaka 2019 noti za zamani zilipoondolewa katika matumizi na mpya kuingia, rangi ilibaki kuwa ya kahawia, na tamathali hiyo nayo ikabaki. Imesikika katika nyimbo, katika masihara ya vituo vya matatu na katika tungo za vijana.

Mhakiki wa kuhesabu rangi huimaliza kazi yake hapa kwa sentensi moja: ngozi isiyokuwa nyeusi imetukuzwa, kwa hiyo huu ni ushahidi wa kujikana. Lakini tamathali hii inastahili kusomwa kwa makini zaidi ya hayo. Kwanza, rangi inayosifiwa si ya Mzungu. Ni rangi ambayo Waafrika wengi wamezaliwa nayo. Pili, na hili ndilo la msingi, kilinganisho hakikuchukuliwa kutoka kwa mwezi, maziwa au theluji, kama ilivyo desturi ya mashairi ya mapenzi ya mataifa mengi. Kimechukuliwa kutoka benki. Uzuri umepewa sura ya noti kubwa kuliko zote nchini, noti ambayo kibarua anayesubiri kuitwa kwenye lango la kiwanda cha Baba Dogo haishiki kila siku. Aliyeibuni tamathali hii, awe nani, alisema kwa maneno mawili kile ambacho sura nzima za tasnifu zimeshindwa kukisema: kwamba daraja za ngozi ni daraja za fedha, na kwamba katika mji huu rangi ina bei inayojulikana.

Je, tamathali hii inajikana? Hapana shaka inajikana. Msichana mweusi wa Baba Dogo anayeisikia anaambiwa kwamba yeye ni noti ndogo, na si wachache wanaotafuta kuipandisha thamani hiyo dukani. Krimu na sabuni za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni zilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1998, na mkorogo ungali unauzwa. Madhara hayo ni ya kweli, na ni ya ngozi za watu. Lakini tamathali hiyo hiyo, pamoja na kujikana kwake, inafichua. Haijifichi nyuma ya maumbile wala nyuma ya mapenzi ya Mungu. Inaonyesha mkono wa soko uliopanga bei. Utungo unaoitumia bila ya kulijua hilo unaisoma orodha ya bei kwa sauti na kupita. Utungo unaoitumia huku ukimgeukia mnunuzi na kumuuliza ni nani aliyeichapisha noti hiyo, huo umeanza kazi ya ushairi. Tungo hizi mbili zina msamiati mmoja wa rangi. Mbinu ya kuhesabu haiwezi kuzitofautisha.

Bei ya Nasaba

Isidhaniwe kwamba bei ya rangi ilizaliwa Nairobi pamoja na noti ya mwaka 1994. Pwani inaufahamu utaratibu huu tangu zamani. Ushairi wa Waswahili uliitukuza dhana ya uungwana, yaani hadhi ya mtu huru wa mji, mwenye dini, adabu na ujuzi wa lugha. Katika karne ya 19, utawala wa Wabusaidi wa Omani ulipoimarika Unguja, dhana nyingine ilishika nafasi hiyo: ustaarabu. Neno hili, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kuwa kama Mwarabu. Mungwana aliweza kuwa mtu wa mji wake mwenyewe. Mstaarabu alihitaji kufanana na mtu wa ng'ambo. Leo neno ustaarabu hutumiwa katika kila kitabu cha fasihi, hata katika vile vinavyolaani kujikana, na waandishi wake hawajali kwamba wanamlaani Mwafrika anayeuacha Uafrika kwa kumwambia kwamba ameusaliti ustaarabu wake.

Utawala wa Waingereza ulikuja na kuigeuza nasaba kuwa hesabu. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, kuandikwa kuwa mwenyeji au kuwa asiye mwenyeji kuliamua kodi ambayo mtu angelipa na haki ambazo angepata mbele ya sheria. Ndiyo maana katika miaka ya 1920 watu wa Thenashara Taifa za Mombasa walishikilia kwamba wasihesabiwe miongoni mwa wenyeji. Mhakiki anayezisoma tungo za pwani zinazojinasibisha na Uarabuni, na kuziita chuki dhidi ya ngozi nyeusi, ameisoma nusu ya ushahidi. Nusu ya pili imo katika daftari la mtoza kodi. Mtu aliyeambiwa na serikali kwamba babu mmoja ana thamani kuliko mwingine alimtaja yule mwenye thamani. Haya hayamtoi hatiani. Yanaonyesha tu kwamba alikuwa mnunuzi sokoni, na kwamba muuzaji hajawahi kufikishwa mbele ya uhakiki.

Tramu ya Césaire na Vitabu vya Ocol

Nadharia inayonukuliwa zaidi katika mjadala huu ni ya Frantz Fanon, katika Peau noire, masques blancs (1952). Kichwa cha kitabu hicho kimewafanya wengi waamini kwamba ni kitabu kuhusu ngozi. Lakini sura yake ya kwanza inahusu lugha. Fanon anaanza na mtu wa visiwa vya Antilles anayepimwa weupe wake kwa kadiri anavyokimudu Kifaransa, anayerudi nyumbani kutoka Ufaransa na kujifanya haifahamu tena lugha ya watu wake. Barakoa ya kwanza huvaliwa kinywani. Uhakiki wa Afrika Mashariki umeyapokea maelezo ya Fanon kuhusu rangi kwa mikono miwili, na kuyapita maelezo yake kuhusu lugha kwa mwendo wa haraka, kwa kuwa maelezo hayo yanauhusu uhakiki wenyewe.

Kabla ya Fanon, Aimé Césaire alikuwa ameonyesha katika Cahier d'un retour au pays natal (1939) jinsi mshairi anavyoweza kulishughulikia jambo hili kwa uaminifu. Katika sehemu mojawapo ya utenzi huo, msemaji yumo ndani ya tramu na anamwona mtu mweusi aliyeharibiwa na umaskini. Wanawake walioko nyuma wanamcheka mtu yule, na msemaji naye anatabasamu pamoja nao. Kisha anautaja woga wake kwa jina lake. Huyu ndiye baba mmojawapo wa tapo la Negritude, tapo ambalo huchukuliwa kuwa la kujisifu. Nguvu ya utenzi wake haikutokana na sifa hizo peke yake. Ilitokana pia na kukiri kwamba yeye, mtetezi wa watu weusi, alilipa nauli na kukaa upande wa wachekaji.

Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa katika kazi za Okot p'Bitek. Wimbo wa Lawino, uliotungwa kwa Kiacholi, ukachapishwa Nairobi kwa Kiingereza mwaka 1966 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa mwaka 1975, umefundishwa kwa vizazi kama kesi baina ya mke mwenye asili yake na mume aliyejikana. Ocol anauchukia weusi wake, Tina, mpenzi wake, anajipaka poda na rangi za midomo, Lawino anawasuta. Wanafunzi hufundishwa kumcheka Ocol, nao humcheka.

Lakini Lawino haishii kwenye poda ya Tina. Anaufuatilia ugonjwa wa mumewe hadi kwenye chimbuko lake, na chimbuko hilo ni darasa. Ocol amesoma Makerere. Nyumba yake imejaa vitabu, na ni vitabu hivyo ambavyo Lawino anavishtaki kwa kuuua uanaume wa mumewe. Mshtakiwa katika utenzi huo, basi, ni taasisi ile ile ambamo utenzi huo unafundishwa. Mhadhiri anayesimama mbele ya wanafunzi na kumcheka Ocol amekaa ndani ya tramu ya Césaire pamoja na wachekaji, na tofauti baina yake na Césaire ni kwamba yeye hajakiri. Nyani haoni kundule.

Mahakama ya Ng'ambo

Ushahidi wa jambo hili unapatikana katika mgogoro uliowashughulisha wanazuoni wa ushairi wa Kiswahili tangu miaka ya 1970, ule wa mashairi ya arudhi na mashairi huru. Kwa upande mmoja walisimama watetezi wa vina na mizani, wakiongozwa na kanuni alizoziandika Amri Abedi mwaka 1954. Kwa upande wa pili walisimama waandishi kama Euphrase Kezilahabi, aliyechapisha Kichomi mwaka 1974, pamoja na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, waliotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979.

Yaliyomo katika mgogoro huo yanafahamika na hayahitaji kurudiwa. Linalohitaji kuangaliwa ni mahakama ambamo kesi ilisikilizwa. Wataalamu wa kigeni, kama Lyndon Harries (1962) na Jan Knappert (1979), walikuwa wameuwekea ushairi wa Kiswahili uzito mkubwa wa asili ya Kiarabu na Kiislamu. Baadhi ya watetezi wa arudhi waliupokea uzito huo kama heshima: ushairi wetu ni bora kwa kuwa una nasaba ya mbali. Baadhi ya wapinzani wao waliupokea uzito ule ule kama aibu: kwa kuwa vina ni vya Waarabu, Mwafrika avitupe ili arudi kwake. Na katika kurudi kwake huko, mara nyingi alipitia kwenye ushairi huru aliosomeshwa kwa Kiingereza. Upande mmoja ulijikana kwa kujinasibisha, na mwingine kwa kujitakasa. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba hati ya umiliki wa ushairi wa Kiswahili iko ng'ambo, na zikatofautiana tu juu ya bandari.

Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliipinga mahakama yenyewe. Alionyesha wingi wa bahari za tungo za Waswahili na mizizi yake katika ngoma, nyimbo na maisha ya wenyewe, akakataa kwamba vina na mizani ndivyo mwanzo na mwisho wa ushairi huo. Kazi yake ilitajwa na kunukuliwa. Ni wachache waliolipokea fundisho lake la msingi, kwamba thamani ya utungo huanza kutafutwa kwa watu wanaoutumia. Fundisho hilo lingepokewa, uhakiki usingeweza kuupita mtaa wa Baba Dogo.

Mtaa na Wino Mwekundu

Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, na mahali pake iwekwe idara ambayo Afrika itakuwa kitovu chake na fasihi simulizi nguzo yake. Hapana tukio lililoubadilisha uhakiki wa eneo hili kuliko hilo. Kutokana nalo, wanafunzi walichukua vinasa sauti wakaenda vijijini kuzikusanya ngano na nyimbo. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na matunda yake yanaonekana. Hata hivyo, wengi wao walipitia Barabara ya Thika, na Ruaraka iko kando ya barabara hiyo. Kinasa sauti kilikuwa kimefungwa kilipopita hapo. Asili ilidhaniwa kuwa kijijini. Mtaani palidhaniwa kuwa na upotofu tu.

Dhana hiyo haijafutika. Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, Sheng hulaumiwa kwa udhaifu wa watahiniwa katika Kiswahili. Katika uhakiki, tungo zake hupewa nafasi chini ya vichwa kama athari, makosa na changamoto. Kalamashaka, kundi lililotoka Dandora katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, na Ukoo Flani Mau Mau lililofuata, waliimba kuhusu polisi, njaa na historia ya nchi kwa lugha ya mtaa, na hao wa pili wakajiita kwa jina la wapiganaji ambao serikali mbili zilizofuatana ziliona haya kulitamka kwa heshima. Iwapo kuna tungo za Nairobi zilizokataa kujikana, ni hizo. Mhakiki anayetafuta kujitambua katika diwani za maktaba alikuwa na kujitambua huko nje ya dirisha lake.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba Sheng yenyewe ni kujikana: kijana ameiacha lugha ya mama yake, amekiharibu Kiswahili, na amekimbilia Kiingereza. Pingamizi hili lina sehemu ya ukweli, kwani tamaa ya kuonekana mtu wa mjini imo ndani ya Sheng, na rangi ya thao ni zao lake. Lakini sarufi inatoa ushahidi wa kinyume. Neno la Kiingereza lililoingia likatoka likiwa thao limekatwa, limepewa irabu ya mwisho, na wingi wake ni mathao. Limetiishwa chini ya ngeli za Kibantu. Ocol hakuwahi kukifanyia Kiingereza jambo la namna hiyo; yeye alikivaa kama kilivyo. Aidha, lugha ya mama inayodaiwa kuachwa ni ipi? Shaaban Robert alikilinganisha Kiswahili na titi la mama, na tamathali hiyo hufundishwa kila mahali. Mtoto wa Baba Dogo ambaye baba yake na mama yake wana lugha mbili tofauti, na ambaye neno la kwanza alilolisikia lilikuwa la Kiswahili cha Nairobi, amelinyonya titi hilo. Kumwambia kwamba maziwa aliyoyanyonya ni machafu ndiko kumfundisha kujikana.

Pingamizi la pili ni la usanifu. Inasemwa kwamba bila ya lugha moja sanifu hakuna elimu wala umoja, na kwamba mhakiki hana budi kuilinda. Umuhimu wa Kiswahili sanifu haukanushwi hapa. Makala hii yenyewe imeandikwa kwacho. Lakini usanifu una historia, nayo inafundisha unyenyekevu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikausimamia uamuzi huo. Kwa uamuzi huo Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa wa karne ya 19, kikawa lahaja ya pembeni. Abdilatif Abdalla alipoandika Sauti ya Dhiki akiwa gerezani baina ya 1969 na 1972, alitumia Kimvita. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973 na kupata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Leo hakuna mhakiki anayethubutu kuzitilia wino mwekundu beti zake kwa kuwa si za Kiunguja. Lugha iliyoshushwa bei na kamati ilipandishwa na mshairi. Ikiwa hivyo iliwezekana Mombasa, mhakiki ana hoja gani ya kuliwekea Nairobi kizuizi?

Hitimisho

Gharama ya jambo hili hailipwi na wahakiki. Hulipwa na mwanafunzi anayefika chuoni kutoka Baba Dogo akiwa na daftari la tungo. Katika mwaka wake wa kwanza hufundishwa kwamba kujikana ni dhambi kuu ya msomi wa Kiafrika. Katika mwaka huo huo hurudishiwa tungo zake zikiwa zimejaa wino mwekundu. Akifaulu, itakuwa kwa sababu amejifunza kuandika insha nzuri inayomlaani Ocol, kwa lugha ambayo mama yake hawezi kuitambua kuwa ya mwanawe. Idara itamtunuku shahada kwa kazi hiyo, na bei itakuwa imelipwa.

Matakwa ya makala hii ni matatu. Kwanza, utafiti wowote kuhusu kujikana katika ushairi uichunguze taasisi iliyoipanga bei kabla ya kumhukumu mshairi aliyeilipa, na vyuo vikuu visiachwe nje ya orodha ya taasisi hizo. Pili, tungo za mitaa ya Nairobi zikusanywe na kuchambuliwa kwa zana zile zile za ushairi zinazotumiwa kwa Muyaka na Abdilatif, yaani jazanda, mahadhi, usemaji na muundo, na ziondolewe katika sura za makosa ya lugha. Uchambuzi huo usizipendelee: panapokuwa na rangi ya thao isiyojijua, isemwe hivyo bila ya huruma. Tatu, mhakiki anayeandika kuhusu barakoa aanze na ya kwake, kama Césaire alivyofanya ndani ya tramu.

Katika jamaa nyingi za Waswahili na Wabantu, ndugu wa baba si mtu wa pembeni. Ni baba. Mtoto humheshimu kama baba, huoza binti kwa idhini yake, na baba akifa, huyo ndiye hushika nafasi. Kivumishi cha udogo hakimpunguzii ubaba wake. Mhakiki anayesimama kwenye kituo cha matatu cha Baba Dogo anaweza kuendelea kuitafuta silabi iliyopotea katika jina la mtaa, au anaweza kusikiliza kinachosemwa pale. Hadi sasa amechagua silabi.